Njia Iliyochorwa Mpaka Mlangoni

Naapa mbele ya Mola, na mbele ya hii sufuria yangu ya supu ya kichwa ambayo watu hutoka mpaka Muthara kuja kuinywa: maneno haya ni ya kweli yote. Kama nimeongeza hata chembe, ulimi wangu ukauke saa hii kama ngozi ya mbuzi kwa jua. Mimi shule sikwenda, shule ndiyo iliniogopa. Lakini kitu nikishaambiwa hakitoki kichwani. Na haya niliambiwa na mwenyewe, Sulemani wa bucha, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mara tatu, na mara zote tatu hakubadilisha hata neno. Mtu wa uongo hubadilisha. Najua, kwa sababu watu wa uongo nimekaa nao sana.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida tu, asubuhi, hakuna mvua. Sulemani alikuwa anatundika nyama kwa bucha lake hapa Majengo karibu na msikiti, vile amefanya miaka ishirini na mbili. Hewa ilikuwa safi na mlima ulikuwa umetoka. Mtu wa Meru anajua: kuna asubuhi mlima unatoka wote, meno yote nje, halafu kufika saa nne umejifunika mawingu kama hakukuwa na kitu. Sulemani aliacha mguu wa ng'ombe ukining'inia kwa ndoano, akatoka mlangoni na aproni yake ya damu, akaangalia upande wa kulia wa kile kilele kikubwa. Huko kuna jino moja la mawe linaitwa Sendeyo. Kwa hilo jino ndiko ndugu yake mdogo alipotelea.

Huyo ndugu aliitwa Adan. Miaka minne iliyopita alienda kama pota, kubebea wageni mizigo, na hakurudi. Safari yenyewe hata haikuwa yake. Aliyeitwa ni Sulemani, kwa sababu Sulemani ana mgongo wa fahali, mimi mwenyewe nimemwona akiinua ng'ombe mzima na pembe zake. Lakini Idd ilikuwa imefika, wanyama wa kuchinja walikuwa wengi, akamwambia Adan aende badala yake. Adan akaenda. Ukungu ukashuka. Watu walitafuta siku tisa na hawakuona hata kamba ya kiatu.

Mama yao, Bi Sharifa, anakaa nyumba yake ndogo nyuma ya msikiti. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli tu. Miaka hiyo minne yote alikataa khitma ya Adan isisomwe. Alisema hajaona kaburi. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa anamimina chai vikombe viwili, chake na cha Adan. Cha Adan anakifunika na kisahani, anakaa hapo, mpaka chai inapoa, anaimwaga. Sulemani alikuwa akienda kumwamkia anakikuta hicho kikombe kimefunikwa, na hakuna mtu aliyekuwa anasema kitu.

Lakini ile Jumatatu, siku moja kabla mlima utoke vile, mama alisema. Hakupaza sauti. Alisema, "Nataka kukaa karibu na kaburi la mwanangu kabla haya macho hayajaisha. Wewe ndiye ulimtuma."

Ni hayo tu. Miaka minne, na ni mara ya kwanza kumwambia.

Kwa hivyo Jumanne, mguu wa ng'ombe ukiwa bado unazunguka kwa ndoano, Sulemani akaamua. Atapanda Sendeyo mwenyewe. Atampata Adan, ama kile kilichobaki. Kama atakuwa wa kubebeka atambeba, kama si wa kubebeka atamzika huko huko kwa dua, aje amwambie mama: amelala mahali fulani, nimemweka kwa mikono yangu.

Jioni hiyo akaenda Gakoromone kutafuta mzee Gachoki. Huyu Gachoki ni mtu wa Embu, anauza waru, viazi hivi, pale sokoni, lakini zamani alikuwa pota wa huo mlima miaka thelathini. Mguu wake wa kushoto hauna vidole viwili, baridi ilivichukua. Na ndiye aliyekuwa na Adan ile siku.

Mzee hakutaka. Alipanga waru zake, akazipangua, akazipanga tena. Mwisho alimwambia ya kwamba Sendeyo si ya kutembea na miguu. Ni ya kupanda na mikono. Kuna mahali katikati mwamba umepasuka, ufa mrefu, mwembamba, maji yanatiririka ndani, mapota walipaita Koo. Ukitoka kwa Koo unachagua: kulia ama kushoto. Adan alikuwa ametangulia kupitia hapo, na ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wako huuoni. Akaita kutoka juu, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu ameona kitu kizuri. Akasema, "Nimepata njia." Hakusikika tena.

"Na kabla ya hapo," mzee akasema pole pole, "alikuwa anaongea na mtu. Nilidhani anaongea na mimi."

Halafu akamwonyesha vile safari ya huo mlima hupangwa. Alichukua gunia lililojaa vumbi la waru, akalitandaza, akachora kwa kidole. Lakini hakuanzia chini. Alianzia kileleni, akashuka, akashuka, mpaka mto wa kwanza, hapo akainua kidole.

Akamwambia hiyo ndiyo desturi waliyoikuta kwa wakubwa wao. Njia ya kushuka inachorwa kwanza, ya kupanda baadaye. Anayechora kupanda peke yake ameuambia mlima hana haja ya kurudi. Na kushuka kunachorwa mpaka mto wa kwanza pekee. Hapo unainua kidole.

"Kwa nini mto wa kwanza?" Sulemani akauliza.

"Kwa sababu njia haiulizi ni nani anaipita," mzee akasema, akakung'uta gunia.

Sulemani alicheka kidogo. Ni mtu wa bucha, bwana. Kazi ya bucha ni kwenda mbele tu, ng'ombe ukishamkata humrudishi. Alirudi kwa chumba chake na kipande cha makaa kutoka jiko lake la kuchomea, akasimama mbele ya ule ukuta mweupe unaopakana na mimi, akauchora mlima. Aliuchora vile anaujua, kama mgongo wa ng'ombe: huu uti, hizi mbavu, hii shingo. Kisha akachora njia ya kupanda kwa mstari mmoja mnene mpaka kwa Koo, na kutoka kwa Koo akaupeleka kulia mpaka kileleni. Njia ya kushuka alisema ataichora akishaijua.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja. Zamani alikaa na mkewe, Amira, na mtoto wao wa kike, Shamima. Mwaka mmoja baada ya Adan kupotea, Amira alichukua mtoto akarudi kwao Isiolo. Hawakugombana. Alisema amechoka kukaa na mtu ambaye hayuko. Tangu hapo huyo jamaa alikuwa anapika sufuria moja, anakula sufuria hiyo hiyo, anaosha kijiko kimoja. Mimi upande wangu nilikuwa nasikia hicho kijiko kikigonga.

Sasa akapata cha kufanya. Miezi mitatu alijitayarisha. Alinunua buti za mtumba, kubwa, akajaza matambara. Alinunua kamba ya kufungia ng'ombe, mpya, akaipima nguvu kwa kuning'inia kwa boriti la bucha. Alikausha nyama vipande vyembamba kwa moshi. Kila alasiri alifunga paja la ng'ombe mgongoni, kilo mia mbili, mia mbili na hamsini, akaenda nalo kwenye machimbo ya mawe, akapanda ukuta wa machimbo kwa vidole. Watoto walikuwa wanamfuata wakiimba. Mwanzoni. Baadaye waliacha, kwa sababu alikuwa anaongea peke yake.

Wiki ya tatu ndipo alirudi kutoka bucha saa nane mchana na kukuta mstari umebadilishwa.

Ule wake wa kwenda kulia ulikuwa umefutwa, safi, kama haukuwahi kuwa. Mahali pake, kutoka juu ya Koo, kulikuwa na mstari mwingine mwembamba, unapanda kwa vijistari vidogo vidogo. Unaenda kushoto.

Alikuja kwangu amekasirika. Nikamwapia sijaingia kwake. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwa aproni yake.

Akaenda Gakoromone kumuuliza Gachoki kama huko kushoto kunapitika. Mzee aliweka chini waru aliyokuwa ameshika. Kisha akasema ndiyo, kuna ukingo wa jiwe upana wa kiganja, umejificha, kabla ya hapo unapita jiwe kama kichwa cha mbuzi. Alikuwa anaujua yeye, na aliwahi kumwambia mtu mmoja tu. Alimwambia Adan.

Sulemani alirudi akasimama mbele ya ukuta. Hapo pembeni ya mstari, padogo, kulikuwa kumechorwa kichwa cha mbuzi.

Mwingine angekimbia. Yeye alikaa kitandani akalia kwa furaha. Miaka minne hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia kitu.

Kuanzia siku hiyo bucha lilifungwa saa saba. Alikuwa anauliza ukuta swali asubuhi, anafunga mlango anaenda kazini, akirudi anakuta jibu. Aliuliza mahali pa kufunga kamba, akapata alama ya mviringo. Aliuliza maji yako wapi, akapata vitone vitatu. Nilikuwa namsikia, ukuta ni mwembamba. Alikuwa anacheka. Alikuwa anamwambia habari za soko, za Shamima kuanza shule, za mama. Aliweka kiti cha pili. Nilimwambia, baite, rafiki yangu, huyo mtu unaongea naye umemwona? Akaniambia ndugu hahitaji kuonekana.

Lakini upande wangu ule ukuta ulianza kuwa baridi. Niliweka mkono nikautoa. Ulikuwa unatoa jasho. Mwezi wa jua kali, Majengo yote vumbi, na ukuta wangu unatiririka maji. Niliyaonja, mimi siogopi kitu. Yalikuwa na ladha ya mawe.

Mwezi wa tatu wa kujitayarisha ulipokuwa unaisha, Gachoki alikuja mwenyewe, mchana, na fimbo yake. Sulemani alikuwa amemwambia kila kitu. Mzee hakuingia. Alisimama kizingitini akaangalia ukuta muda mrefu sana.

"Iko wapi ya kushuka?"

Sulemani akasema haijachorwa bado. Mzee akaomba kipande cha makaa, akanyoosha mkono kutoka hapo mlangoni, ukuta ulikuwa karibu, akaanza kuchora kutoka kileleni kuja chini. Makaa yalikwaruza. Sauti ilisikika. Ukuta ukabaki mweupe. Akakandamiza. Makaa yakavunjika. Hakuna hata doa.

Akainamia vile vijistari vidogo vya yule mwingine. Akavifuata kwa macho. Kila kimoja kilikuwa kimelala upande mmoja.

"Adan alikuwa wa mkono gani?" akanong'ona.

"Wa kulia. Mama alikuwa anatupiga mkono wa kushoto tukigusa chakula nao. Mpaka leo sipokei kitu kwa kushoto."

"Huyu ni wa kushoto."

Mle ndani kulinukia mvua, mvua ya juu, ya mahali hakuna miti.

Mzee akamwomba asiende. Sulemani alikaa kwa kile kiti cha pili. Aliangalia ukuta, akaangalia kijiko chake kimoja, sufuria yake moja. Akasema, "Hata kama si yeye, anajua alipo."

Na hapo ndipo Gachoki alisema basi watakwenda wawili, yeye atabaki chini ya mwamba na chai, kwa sababu aliwahi kumwacha mtoto wa Bi Sharifa huko na hatamwacha wa pili. Sulemani akamsindikiza, na kwa kona ya ploti mzee aligeuka akampa kipande kipya cha makaa. Akamwambia akibebe mfukoni. Akikwama, achore kushuka hapo hapo kwa jiwe. Mpaka mto wa kwanza. Ainue kidole.

Walipanda kupitia geti la Sirimon, siku mbili, wakapita msitu, wakapita vichaka, wakafika kule mahali mimea imesimama mirefu na majani makavu kama watu wamevaa makoti. Siku ya tatu asubuhi walikuwa chini ya Sendeyo. Jua lilikuwa linawaka. Gachoki akawasha stovu ndani ya pango dogo. Pimbi walikuwa juu ya mawe wanawaangalia. Sulemani akajifunga kamba, akaanza.

Aliniambia ya kwamba hajawahi kufanya kazi rahisi kama ile. Kila mahali alipopeleka mkono palikuwa na pa kushika. Mviringo, vitone vitatu, jiwe kama kichwa cha mbuzi la kukuonyesha uko sawa. Vile ukuta ulisema, ndivyo mlima ulivyokuwa. Saa tano na nusu alikuwa ameingia kwa Koo. Maji yalimpita shingoni. Saa sita kamili akatoa kichwa juu.

Ukungu ulikuwa hapo unangoja.

Haukuja. Alisema ulikuwa hapo tayari, umekaa.

Pimbi walinyamaza. Upepo ulinyamaza. Alimwita Gachoki, na sauti yake ilirudi imekuwa ndogo. Akashika ukingo wa kushoto. Upana wa kiganja, kweli. Akatambaa hatua moja. Mbili. Chini ya buti hakukuwa na kitu.

Mbele yake, karibu sana, mtu akasema, "Nimepata njia."

Ilikuwa sauti ya Adan. Hakukosea. Ilikuwa na kile kikohozi kidogo Adan alikuwa akimalizia nacho maneno.

"Adan?"

"Nimepata njia. Njoo."

Alitaka kwenda. Aliniambia hivyo wazi, na mara zote tatu macho yake yalikuwa yanaangalia chini. Hakuogopa. Alitaka tu kwenda, akae na mtu. Alisema, "Mama anakungoja." Akasema tena, "Mama bado anakumiminia chai."

Kimya. Kimya kirefu, kama cha mtu anayesikia kitu kipya na anakiweka akilini.

Halafu mkono ukatoka kwenye ukungu kumsaidia. Ulikuwa wazi, vidole vimenyooshwa. Vidole vilikuwa vyeusi kwa makaa mpaka kwenye viungo. Sulemani alikuwa ameshainua wake.

Ulikuwa mkono wa kushoto.

Alirudisha wake. Taratibu. Ule mwingine haukurudi. Ulibaki hapo hapo umenyooshwa, haukutetemeka, haukuchoka. Akarudi nyuma hatua moja. Koo halikuwepo. Alipapasa na mguu, akapapasa, mwamba ulikuwa laini kama sahani. Ufa aliopitia dakika tano zilizopita ulikuwa umefunga.

Alitoa makaa. Akabandika kifua kwa jiwe na akachora mbele ya uso wake, kutoka pale alipokuwa kuja chini. Alichora Koo. Makaa yalishika. Alichora kichwa cha mbuzi, akachora pango la Gachoki. Alikuwa analia. Alichora mto wa kwanza, na mkono haukusimama. Alichora msitu. Alichora geti. Alichora barabara ya Timau mpaka Meru, akachora msikiti, bucha, chumba chake, akapitisha nyuma ya msikiti, na hapo mwisho, kwa kipande kilichobaki kidogo kama jino la mtoto, akachora mlango wa mama yake.

Hapo ndipo aliinua kidole.

Mguu wake ukapata ufa. Alishuka kama gunia, kamba ikamchuna mikono yote miwili. Chini jua lilikuwa linawaka, na hakukuwa na wingu hata moja juu ya Sendeyo. Gachoki alikuwa amesimama nje ya pango. Alimwangalia Sulemani. Kisha akaangalia nyuma yake, juu, kwenye mwamba. Akaangalia tena.

"Ulichora?"

"Nilichora."

"Mpaka wapi?"

Sulemani alimwambia. Mzee alikaa chini kwenye mawe, akamwaga chai yote, akafunga mizigo. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma, na hakumruhusu Sulemani kugeuka.

Sasa, mama alikuwa anangoja. Mtu afanye nini? Sulemani aliingia kwa Bi Sharifa na mikono yake imefungwa vitambaa, akapiga magoti, akasema amempata Adan. Akasema alikuwa amelala vizuri chini ya jiwe, uso kibla, kama amewekwa. Akasema amemfunika, amemsomea. Yote uongo. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Wiki hiyo khitma ikasomwa. Watu walikuja mpaka barabarani, Mahmood wa duka alileta mchele, nyama ilitoka kwa bucha, na supu niliipika mimi, watu elfu moja walikunywa na ikabaki. Mama akaosha kikombe cha Adan, akakikausha, akakiweka juu ya kabati. Alilala mchana kutwa. Walisema hajalala hivyo tangu Idd ile.

Sulemani alinunua rangi akapaka ukuta wake mara mbili.

Siku ya nane rangi ilikuwa na mstari. Mwembamba, unaanzia mahali kilele kilikuwa, na ulikuwa unakuja chini. Urefu wa kidole kimoja. Kesho yake vidole viwili. Alipaka, ukarudi palepale ulipokuwa umefika. Aliniita nikauona, kwa haya macho yangu. Vijistari vidogo vidogo, vimelala upande mmoja. Ulipita mahali Koo lilikuwa. Ulipita mahali mto wa kwanza ungekuwa, haukusimama. Wiki ya tatu ulifika kwa sakafu. Tulisogeza kitanda. Ulikuwa umepita chini yake, umevuka simenti, umefika kwa kizingiti.

Kesho yake haukuongezeka tena mle ndani. Haukufutika. Ulikuwa tu umetoka nje, na nje kuna vumbi na miguu ya watu, huwezi kufuata kitu.

Na ukuta wangu ukakauka.

Sulemani alikimbia kwa mama akamkuta mzima, anachambua mchele. Alikaa naye siku hiyo, na siku iliyofuata, na ya tatu. Siku ya nne ng'ombe walikuwa wamefika bucha, akaenda kidogo tu. Alirudi baada ya alasiri, jua bado liko juu, watoto wanacheza mpira kwa kichochoro. Mlango wa mama ulikuwa wazi.

Bi Sharifa alikuwa amekaa kwa mkeka. Mbele yake vikombe viwili. Hakuna kilichofunikwa.

"Kaa," akasema. Alikuwa anatabasamu. "Umechelewa kidogo tu."

Sulemani hakukaa.

"Ulinidanganya, mwanangu. Ulisema umemzika. Sijakasirika, najua ulitaka nipumzike." Alipapasa kile kikombe cha pili, akakigeuza. "Amekonda. Na baridi, mikono yake. Na huko mlimani amesahau adabu niliyowafundisha. Chai nampa, anapokea na kushoto."

Sulemani aliuliza kama amesema amerudi vipi.

"Nimemuuliza. Ameniambia tu amepata njia."

Kikombe kilikuwa kimenyweka mpaka chini. Kwenye ubavu wake kulikuwa na vidole vinne vyeusi na gumba, vya makaa, vimekishika upande ambao wewe na mimi hatushiki. Nilikiosha mimi mwenyewe baadaye, kwa sabuni, kwa mchanga, kwa ndimu. Vidole viko hapo mpaka leo, na ukikigusa, ni baridi.

Siku hizi bucha linafunguliwa asubuhi peke yake. Kuanzia alasiri utamwona Sulemani amekaa kwa kizingiti cha mama yake, mgongo mlangoni, anaangalia kichochoro, haongei na mtu. Ndani mama anamimina chai vikombe vitatu, na kuna siku unamsikia anacheka.

Sasa nakuomba, na mimi huwa siombi mtu. Haya niliyokuambia yaishie hapa hapa kwa hii supu. Usimwambie mkeo, usimwambie rafiki yako, na ukipita nyuma ya msikiti usimwangalie Sulemani kwa huruma. Bi Sharifa haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima, na hajui ni nani anakunywa chai yake. Miaka minne alikuwa peke yake. Mwache afurahi siku zilizobaki kabla huyo mwingine hajamwambia inuka, njia iko hapa.